Maabara Inatafuta Nini Katika Kohozi na Maji Yetu?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni

 

Nimeombwa nizungumze juu ya maabara. Wacha niseme mapema kwamba mimi si fundi wa maabara. Kazi yangu ni ustawi wa jamii. Lakini kazi hiyo imenipeleka maabara mara nyingi, nikisindikiza mgonjwa au nikibeba chupa za maji ya kikundi, na kwa kuwa foleni huwa ndefu nimepata nafasi ya kuuliza maswali mengi.

Jambo linalonisumbua ni hili. Mtu anakohoa. Anaenda dukani, anauziwa vidonge vya rangi mbili, sita au kumi, kulingana na pesa aliyo nayo. Anameza siku mbili, anaona nafuu kidogo, anaacha. Kikohozi kinarudi. Ananunua tena. Mwezi wa pili anafika hospitali, anapewa kikopo, anatema mate ndani yake pale pale kwenye benchi, anarudisha. Jibu linatoka: hakuna kilichoonekana. Anarudi nyumbani amefurahi, na usiku analala chumba kimoja na wajukuu. Miezi inapita, na mmoja wa wale wajukuu anaanza kukonda. Nimeliona jambo hili katika zaidi ya boma moja, upande huu wa Kitui na ng'ambo ya mto Athi pia.

Mtu huyo si mjinga. Wala si kwamba hakuwa na pesa kabisa, maana vile vidonge vya mara tatu vilikula pesa kushinda nauli. Alichokosa ni kujua adui yake ameumbwa vipi, na yule fundi aliye nyuma ya dirisha dogo anatafuta kitu gani. Basi leo tuingie nyuma ya dirisha hilo.

Tuanze na ukubwa. Chukueni rula ya mtoto wa shule, mtazame milimita moja, ile nafasi kati ya vijistari viwili. Bakteria mmoja wa tumboni ana urefu wa kama sehemu mbili katika elfu za milimita hiyo. Ukiwapanga kwa mstari, 500 wanaenea katika milimita moja. Hadubini ya maabara ina kioo karibu na jicho kinachokuza mara 10, na kingine karibu na kipande cha kioo chenye kohozi kinachokuza mara 100, na katikati wanaweka tone la mafuta ili mwanga usipotee. Kumi mara mia ni 1,000. Kwa hiyo yule mnyama anaonekana kama punje ya wimbi. Hiyo tu. Msidhani fundi anaona mdudu mwenye meno na pembe kama tunavyochorewa katika matangazo ya sabuni.

Sasa ameumbwa vipi? Seli ya mwili wetu ni kama boma la mzee mwenye mali: kuna nyumba kubwa katikati inayohifadhi uzi wa urithi, na nyumba nyingine za kazi mbalimbali. Bakteria ni mtu wa chumba kimoja. Uzi wake wa urithi umejikunja hapo hapo ndani, hauna chumba chake. Kandokando yake kuna viwanda vidogo vidogo vya kutengeneza protini. Chumba chote kimefungwa na utando mwembamba wa mafuta unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Wengine wana mkia wa kuogelea, kama yule wa kipindupindu, ambaye amepinda kama alama ya mkato na hukimbia sana majini. Wengine wamejifunika blanketi la ute ili askari wa mwili washindwe kuwashika.

Na nje ya utando kuna ukuta. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu karibu kila kitu nitakachosema leo kinatoka kwenye ukuta huu.

Ndani ya bakteria mna vitu vingi vilivyoyeyuka, kwa hiyo maji ya nje yanataka kuingia kwa nguvu. Utando peke yake ungepasuka, kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo bila tairi. Ukuta ndio tairi. Umefumwa, na akina mama mtanielewa haraka nikisema umefumwa kama kiondo: kuna nyuzi ndefu za sukari zinazozunguka, na nyuzi fupi za protini zinazozifunga pamoja. Seli za mwili wa binadamu hazina kiondo hiki. Dawa za jamii ya penisilini, pamoja na vile vidonge vya amoksilini vya dukani, kazi yao ni kuzuia kufunga zile nyuzi wakati bakteria anakua na kufuma ukuta mpya. Kiondo kinabaki na mashimo, maji yanaingia, mnyama anapasuka. Sisi hatupasuki kwa sababu hatuna kiondo cha kuharibiwa.

Hapo hapo mnaona kwa nini vidonge hivyo havisaidii mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi hana ukuta wa namna hii. Kumpiga kwa penisilini ni kama kwenda kumkata kamba ng'ombe asiyefungwa.

Mwaka 1884 daktari mmoja wa Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, alipata njia ya kuzitofautisha kuta hizi kwa rangi, na njia yake inatumika mpaka leo. Fundi anapaka ugonjwa kwenye kipande cha kioo, anakikausha, anakipitisha juu ya moto kidogo ili vishikamane. Kisha anamwaga rangi ya zambarau. Rangi hiyo mnaijua, ni ile ile ya GV tuliyopakwa vidonda vya mdomo tukiwa watoto. Anaongeza iodini ili rangi ishike ndani, halafu anaosha kwa spiriti. Wenye kiondo kinene wanabaki na zambarau yao. Wenye kiondo chembamba, ambao pia wana utando wa pili wa mafuta kwa nje, wanapoteza rangi, na wakipakwa nyekundu baadaye wanaonekana waridi. Kazi yote haimalizi dakika kumi, na mpaka hapo daktari ameshajua aanze na dawa gani, maana ule utando wa pili wa nje huzuia dawa nyingi zisiingie.

Lakini mnyama wa kifua kikuu ni mwingine kabisa. Robert Koch alitangaza kumpata tarehe 24 Machi 1882, huko huko Berlin. Ukuta wake umepakwa nta. Fikirini kiondo kilichopakwa nta ya nyuki ndani na nje. Na sisi watu wa asali tunajua nta inavyokataa maji. Rangi ya kawaida haiingii vizuri. Ndiyo maana fundi anatumia rangi nyekundu na kuipasha moto kutoka chini mpaka itoe mvuke, ili nta ilegee na rangi ipenye. Ikishaingia, haitoki. Anaosha kwa asidi iliyochanganywa na spiriti, na kila kitu kingine kwenye kioo kinapauka isipokuwa huyu. Mwisho anapaka buluu. Mara moja nilikaribishwa nitazame: uwanja wote buluu, na juu yake vijiti vyembamba vyekundu, vichache tu, kama mtu ameangusha njiti. Nilinyamaza, kwa maana kohozi lile lilikuwa la mtu niliyemleta mimi mwenyewe kwa pikipiki.

Nta hiyo ndiyo inayoeleza mengi. Amoksilini ya dukani haimwezi mnyama huyu. Nta inaizuia, na hata kidogo kinachopenya anacho kitu cha kukikata vipande. Tena ni mvivu wa kuzaa. Bakteria wa tumboni akipata chakula na joto anajigawa kila dakika 20. Mmoja wa saa mbili asubuhi anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ifikapo saa tisa mchana. Pigeni hesabu nyumbani muone. Wa kifua kikuu anachukua saa 15 hadi 20 kujigawa mara moja tu. Dawa nyingi humpiga mnyama anapokua, na huyu anakua polepole, wengine wamelala kabisa. Kwa hiyo matibabu ya kawaida ni miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne, na minne inayobaki dawa mbili. Moja yao hugeuza mkojo uwe rangi ya chungwa, msiogope. Mgonjwa akipata nguvu mwezi wa pili akaacha, wale waliobaki ni wale sugu, na hao ndio atakaowaambukiza watu wake. Dawa hizi katika vituo vya serikali ni za bure. Ni vizuri kikundi kijue nani anaendelea na matibabu, si kwa kumsema, bali kwa kumtafutia nauli na uji.

Sasa turudi kwenye lile jibu la "hakuna kilichoonekana". Ili fundi aone mnyama hata mmoja kwenye hadubini, lazima katika mililita moja ya kohozi wawemo kama 5,000 hadi 10,000. Wakiwa 2,000 wapo, ila haonekani hata mmoja. Na katika mate ya mdomoni huenda hayupo kabisa, kwa sababu yeye anakaa mapafuni. Hospitali nyingi kubwa za kaunti sasa zina mashine inayoitwa GeneXpert, isiyotafuta rangi bali kipande cha uzi wa urithi wa mnyama mwenyewe. Inagundua hata wakiwa wachache zaidi sana, na kwa muda usiofika saa mbili inasema kama amekuwa sugu kwa ile dawa ya mkojo wa chungwa. Lakini hata mashine hiyo ukiipa mate, itakusomea mate.

Kohozi hutolewa hivi. Ni asubuhi, kabla ya chai, umesukutua mdomo kwa maji. Toka nje kwenye upepo, mbali na watu. Usifanyie jikoni wala kwenye foleni. Vuta pumzi ya ndani mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Kinachotakiwa ni kile kizito, kama kijiko kimoja cha chai. Kikiwa chepesi chenye mapovu, hayo ni mate, jaribu tena. Funga kifuniko sawasawa. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, si juu ya kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kikae penye baridi, mbali na jua, kifike mapema. Na ukiulizwa kama umemeza dawa yoyote, sema ukweli. Hakuna polisi pale.

Swali hilo la dawa lina sababu. Kuna magonjwa ambayo fundi lazima awapande wale bakteria kama mbegu: mkojo, choo, usaha. Shamba lao ni sahani ya Petri yenye chakula kilichogandishwa kwa agari, kitu kinachotoka kwenye mwani wa baharini. Aliyependekeza agari alikuwa mama mmoja, Fanny Hesse, aliyeijua jikoni kwa kugandisha jamu. Mume wake alikuwa akifanya kazi na Koch, na jeletini waliyoitumia kugandisha ilikuwa inayeyuka wakati wa joto. Fundi anachoma kitanzi cha waya mpaka kiwe chekundu, anakiacha kipoe, anachovya, anachora mistari juu ya agari, kila safari akipunguza, mpaka mwisho wa mstari bakteria wanaachana mmoja mmoja. Sahani inalala kwenye kabati la joto la nyuzi 37, kama mashine ya kuangulia vifaranga. Kesho yake kila mmoja amekuwa ukoo, doa unaloweza kuliona kwa macho. Kisha anaweka vijiduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, anaona ni ipi inayowazuia kuota. Yule wa kifua kikuu anapandwa kwenye chakula kilichotengenezwa kwa mayai ya kuku, na kumngoja huweza kufika wiki nane. Sasa wewe ukiwa umemeza vidonge jana, mbegu zimedhoofika, hazioti, na jibu linakuja safi wakati ugonjwa bado umo.

Kuna jambo la watu wa mradi wa kuku, na nitalisema hata kama mtaninunia. Bakteria huwa na vipande vidogo vya uzi vya akiba, kama karatasi ya mapishi, na anaweza kumpa jirani yake, hata wa kabila lingine. Katika karatasi hizo mna mapishi ya kushinda dawa. Tukiwanywesha vifaranga tetrasiklini kila wiki ati wasiugue, tunawafundisha bakteria wa kuku, nao wanawapa karatasi bakteria wa watu. Dawa ya kuku iwe ya kuku mgonjwa, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na mayai ya siku hizo yasiuzwe.

Tuje kwenye maji. Tangu SASOL ilipoanza kujenga mabwawa ya mchanga na vikundi vya Kitui katikati ya miaka ya 1990, na wenzetu wa Makueni pia wakayajenga mengi, mwethya zetu zimebeba mawe ambayo hakuna tingatinga lingeyabeba. Mchanga unachuja, hilo ni kweli. Lakini shimo la kuchotea likiwa wazi, punda anasimama pembeni, mbuzi anateremka, kila mtu anatumbukiza kibuyu chake, na kazi ya mchanga imeharibika hapo juu kabisa. Kisima kilichofunikwa chenye pampu ni afadhali mara nyingi.

Maabara inapopima maji haitafuti kila ugonjwa. Inamtafuta bakteria mmoja wa matumbo, E. koli, ambaye mara nyingi hana ubaya wake mwenyewe, lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia. Wanachuja mililita 100, kama nusu ya kikombe kidogo, kupitia karatasi yenye matundu ambayo bakteria hapiti. Karatasi inawekwa kwenye chakula na kulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 44. Kwa nini 44? Kwa sababu bakteria wengi wa udongo hawawezi joto hilo, na wa matumbo anaweza. Asubuhi wanahesabu madoa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na doa hata moja. Kipimo hiki hakisemi lolote juu ya chumvi au floraidi, ambazo visima vyetu virefu vingi vinazo. Hizo zina kipimo chao.

Pimeni mara mbili: mtoni, na kwenye mtungi wa nyumbani. Mara nyingine mto ni safi na kikombe cha kuchotea ndicho chenye hatia.

Na mkijua maji ni machafu? Kuchemsha kunatosha, yakitokota kweli kwa dakika moja. Kuni zikiwa shida, na tunajua ni shida, jua letu ni la bure: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, maji maangavu, ilale juu ya bati saa 6 za jua kali, kukiwa na mawingu, siku mbili. Dawa ya klorini nayo ni nzuri, ila maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa, maana matope hula dawa.

Kuna wanaoshinda moto. Bakteria wa kimeta na wa pepopunda wakibanwa hujifungia katika ganda gumu, wanalala humo miaka, na sufuria ya kawaida haiwaamshi wala haiwaui. Maabara husafisha vyombo kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, ndiyo sababu. Kwa hiyo ng'ombe akifa ghafla na damu ikimtoka puani, msimpasue kwa kufikiri mtachemsha nyama sana. Mwiteni afisa wa mifugo.

Na wengine huchanganya na haya sumu ya mahindi. Mwaka 2004 sumu hiyo, aflatoksini, iliwapata watu 317 na kuua 125, wengi wao hapa kwetu Makueni na Kitui. Ile haikuwa bakteria. Ni sumu ya ukungu ulioota kwenye mahindi yasiyokauka, na sumu haichemki ikafa kwa kuwa haina uhai. Hata isyo ikipikwa kutwa, sumu inabaki. Mahindi yenye ukungu hayaendi kwenye sufuria, na hayaendi kwa kuku.

Nimekuja na fundi, ana chupa mbili zilizopikwa kwa mvuke na sanduku la barafu. Atatuonyesha jinsi ya kufungua chupa bila kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko, na kuchota bila kuikoroga mchanga. Moja tutajaza kwenye shimo la wazi, moja kwenye pampu. Zinatakiwa kufika ndani ya saa 6, na maabara inafunga saa kumi, kwa hiyo tuteremke mtoni sasa. Chai itatungoja.